Juu ya Mchanga wa Namibia

Ndege ndogo iondokapo Windhoek kuelekea magharibi, msafiri huona milima ikimalizika na jangwa la Namib likianza. Huko Sossusvlei vilima vya mchanga mwekundu hupita mita 300. Pwani mvua ni adimu mno. Ukungu wa Atlantiki ndio unywewao na wadudu.

Kusini, karibu na Lüderitz, uko mji mtupu wa Kolmanskop. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, aliokota almasi jirani na hapo, akamkabidhi msimamizi wake Mjerumani, August Stauch. Aliyetajirika ni Stauch. Mwaka huohuo serikali ya Kijerumani ikaifunga nchi ile kwa wasio na kibali. Sasa nyumba za mabwana zimejaa mchanga, na watalii hulipa kuzipiga picha.

Kisha ndege hugeukia kaskazini, Etosha, kwenye tembo weupe kwa vumbi.