Gikomba: hapa randa kuukuu haitupwi

Ukishuka katika kituo cha mabasi ya Machakos jijini Nairobi, mpenzi msomaji, fuata mlio wa nyundo. Shika mkoba wako vyema, pisha mikokoteni, vuka vibanda vya mitumba, na punde si punde utanusa mbao zilizopasuliwa. Umefika kwa maseremala wa Gikomba.

Soko hili limeteketea mara kadhaa. Katika mkasa wa Juni 2018 watu 15 walipoteza maisha. Seremala anayeiokoa randa yake siku ya moto huwa ana pa kuanzia kesho yake.

Basi ikiwa babu alikuachia randa ya chuma, usikimbilie kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu wanaopima kwa kilo. Huenda ni Stanley au Record, za muundo wa Mmarekani Leonard Bailey, ambaye haki za ubunifu wake zilinunuliwa na Stanley mwaka wa 1869. Muundo huo haujabadilika sana, hivyo mara nyingi kipuri cha moja hufaa nyingine.

Kwanza kagua mdomo, yaani mwanya kisu kinapotokezea. Ukiwa na ufa, usikimbilie kuchomelea, kwa maana chuma cha kusubu hupasuka zaidi kikipata moto ovyo. Randa hiyo iwe ya vipuri.

Ikiwa nzima, loweka kisu ndani ya siki usiku kucha, sugua kutu, kausha, kisha paka mafuta. Tumbo la randa nalo lichore mistari ya penseli, ulisugue kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo kinene hadi mistari yote ifutike. Acha kisu mahali pake, kimefungwa lakini kimerudishwa ndani, kwani mkazo wake hulipinda tumbo kidogo.

Mpini uliovunjika utie gundi ya mbao, uukaze kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi kesho yake. Ile nati ya shaba ya kusogeza kisu hufunguka kinyume cha nati za kawaida; wengi huilazimisha kwa koleo wakaiharibu. Na kama kidole cha chuma inachokisukuma kimelika, tafuta kingine katika randa ile yenye ufa.

Mwisho, noa kisu kwa nyuzi 25 hadi 30. Bamba linalokaa juu yake lishikane nacho barabara, nuru isipenye, likiwa nyuma ya makali kwa milimita moja hivi.

Vijana mtasema siku hizi kuna mashine. Ni kweli, lakini umeme ukipotea, ni nani atakayemaliza mlango wa mteja? Usiache mbachao kwa msala upitao. Ipitishe randa ya babu juu ya ubao. Ikitoa maranda membamba kama karatasi, ujue imerudi kazini.