Bei ya Chumvi

Basi liliondoka Tukuyu kabla hakujapambazuka, na ukungu wa kwetu ulikuwa umezimeza hata taa za stendi. Ilikuwa Oktoba 2012. Mama alinisindikiza akiwa amejitanda kitenge, akaniwekea mapajani mfuko wa maharage na chupa ya chai, kisha akasema maneno machache tu: "Mwanangu, huko uendako hakuna shangazi. Watu utakaowakuta ndio watakuwa shangazi zako." Niliitikia kwa kichwa, nikidhani nimemwelewa. Semista nzima ilipita ndipo nikamwelewa.

Safari ile naikumbuka hatua kwa hatua. Uyole, Makambako, Iringa. Mteremko wa Kitonga, abiria wote wakanyamaza. Vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara pale Ruaha Mbuyuni. Twiga wa Mikumi waliotutazama kama watu wanaotujua. Tulipofika Ubungo usiku ulikuwa umeshaingia, na nilipokanyaga chini joto lilinipokea kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa nimevaa sweta. Nililivua palepale stendi, na sikulivaa tena mpaka niliporudi nyumbani.

Kesho yake nilipanda Mlimani kwa mara ya kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilikuwa nakifahamu kwa kukisoma: kwamba kilianza mwaka 1961 kule mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo kimoja, cha Sheria, kwamba kilihamia kilimani miaka michache baadaye, kwamba mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea. Lakini Ukumbi wa Nkrumah nilikuwa nimeushika mkononi tangu utotoni bila kujua. Ulikuwa umechorwa nyuma ya noti ya shilingi 500, na mama alikuwa akizihesabu noti hizo kila jioni mezani kwetu. Nikasimama mbele ya ukumbi wenyewe, nikatoa noti mfukoni, nikalinganisha. Machozi yalinilengalenga. Nilijiona nimeingia ndani ya pesa ya mama.

Nielezee kidogo nilikuwa mtu wa namna gani, maana hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Tangu darasa la tatu hadi kidato cha sita nilikuwa miongoni mwa wale wanaosomwa majina mbele ya paredi. Wenzangu walikuwa wakinijia usiku wa kuamkia mtihani na madaftari yao, nami nikiwaelekeza. Kuulizwa nilikuzoea. Kuuliza sikukujua kabisa. Nilikuwa nimejenga jina langu juu ya jambo hilo moja, kwamba mimi ninaelewa, na jina hilo nikalibeba kwenye begi pamoja na vyeti.

Nilipangiwa Mabibo Hostel, chumba cha vitanda vya dabodeka. Wiki ya pili akaja msichana wa Pemba ambaye alichelewa kuomba chumba. Alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake, amechoka, na hakuomba kitu. Nikamwambia aweke mzigo. Pale chuoni jambo hili lina jina lake, kubebana: mwenye kitanda humbeba asiye nacho. Tukawa tunalala mzungu wa nne, kichwa changu kwenye miguu yake, na kila usiku kabla ya taa kuzimwa alinisimulia juu ya karafuu za kwao na harufu yake zinapoanikwa juani. Nilimpenda mapema. Lakini hata yeye sikumwambia lililokuwa likinisumbua.

Lililonisumbua lilikuwa hili. Nilikuwa nasoma Uchumi, na somo la msingi tulifundishwa katika kumbi za Yombo, mamia ya wanafunzi kwa pamoja. Mhadhiri aliongea Kiingereza chepesi, cha haraka, kwa kipaza sauti. Sekondari nilisoma kwa Kiingereza, vitabu na mitihani yote, lakini mwalimu wetu akituona tumekodoa macho alikuwa akirudi kwenye Kiswahili, anatuvusha, kisha anaendelea. Hapa hakuna aliyetuvusha. Nikaamua kuandika kila neno. Mkono wangu ulikimbia saa nzima bila kupumzika, na kipindi kikiisha nilikuwa na kurasa sita zilizojaa na kichwa kitupu. Jioni nikizisoma, naona maandishi yangu mwenyewe kama barua ya mtu mwingine.

Kulikuwa na neno moja hasa, elastisiti. Lilikuja wiki ya tatu likakaa. Kila kilichofuata kilijengwa juu yake, nami nilikuwa sina msingi. Nikiangalia kulia na kushoto naona wenzangu wanaandika, wengine wanatikisa vichwa kwa kukubali. Nikaamini wote wameelewa isipokuwa mimi. Leo najua wengi wao walikuwa wakiniangalia mimi na kuamini hivyohivyo.

Katikati ya hayo likaingia boom. Asiyekaa chuo hawezi kujua neno hilo linavyoamsha watu: ni ile fedha ya kujikimu ya mkopo, wakati ule shilingi 7,500 kwa siku, tukiipata ya siku 60 kwa mkupuo mmoja. Shilingi 450,000. Sikuwahi kushika fedha nyingi hivyo. Kwa wiki mbili nilikula chipsi kuku, nikanunua viatu, nikamtumia mama kidogo kwa simu. Wiki ya sita nilikuwa napiga pasi ndefu kama wengine wote: unaruka chai, unavuta mpaka saa tisa alasiri, unakula wali maharage mara moja, siku imepita. Nilijifunza hesabu hiyo kwa tumbo, na semista ya pili sikuirudia.

Testi ya kwanza ilipokuja, nilipata 6 kati ya 20. Majibu yalibandikwa ubaoni kwa namba za usajili, na nilisoma namba yangu mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Kwa utaratibu wetu, alama 40 zilitokana na testi na kazi za semista, na 60 zilitokana na mtihani wa mwisho. Ukianguka, unafanya mtihani wa marudio, yaani sapu. Ukianguka zaidi ya hapo unadisko, yaani unaondolewa chuo. Neno hilo la pili lilitamkwa vyumbani kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa.

Jumapili mama akapiga simu. "Masomo yanaendaje, mwanangu?" Nikamwambia yanakwenda vizuri. "Unakula?" Nakula. "Hujambo kabisa?" Sijambo, mama. Nilipokata simu nilikaa juu ya kitanda, nikaona kwamba katika dakika nne nimemdanganya mara tatu mtu ambaye sikuwahi kumdanganya.

Mwenzangu wa Pemba alikuwa ameketi miguuni pangu akikunja kanga. Hakusema kitu mpaka alipomaliza kukunja. Kisha akasema, "Ndugu yangu, tunalala kitanda kimoja wiki ya sita sasa. Usiku wagaagaa. Mbona huniambii?" Nikamwonyesha namba 6. Nilitarajia huruma, au mshangao. Yeye akachukua daftari lake, akafungua, akanionyesha yake ya testi ile ile: 8. Akaniambia, "Twende kimbwetani."

Waliosoma Mlimani wanavijua vimbweta, zile meza na viti vya zege vilivyotapakaa chini ya miti, ambako wanafunzi hukaa kujisomea mchana na usiku. Nilikuwa navipita kila siku. Nilidhani pale wanakaa wale wanaojua, wanajadiliana mambo makubwa. Jioni ile nikakuta watu watatu wakitusubiri: kijana wa Bukoba, mwingine mwenyeji wa Temeke, na dada wa Tanga ambaye alikuwa amefundisha shule ya msingi kabla ya kurudi kusoma. Walikuwa wameanza kukutana wiki ile ile, baada ya majibu. Hakuna aliyekuwa amevuka 11.

Yule dada wa Tanga ndiye aliyenivusha. Alifunga vitabu vyote vilivyokuwa mezani, akaniuliza kwa Kiswahili:

"Mdogo wangu, bei ya chumvi ikipanda mara mbili leo, mamako atapika maharage bila chumvi?"

"Hapana."

"Atapunguza kununua?"

"Hata kidogo."

"Haya. Na soda ikipanda mara mbili?"

"Tutakunywa maji."

"Basi umemaliza. Watu wakivutika sana bei inapobadilika, hiyo ndiyo elastisiti kubwa. Soda ni mpira. Chumvi haivutiki."

Nilinyamaza. Kisha kitu kikafunguka peke yake, bila yeye kuongeza neno. Mama yangu anauza viazi mviringo. Kulikuwa na mwaka viazi vilizaa kupita kiasi Rungwe yote. Mama alijaza magunia ya lumbesa mengi kuliko mwaka wowote, akauza yote, akarudi na fedha pungufu kuliko mwaka uliotangulia. Tulilia nyumbani, tukisema amepunjwa. Sasa nikiwa juu ya zege lile niliona sababu nyingine. Viazi vikijaa sokoni bei inashuka sana, lakini watu hawaongezi kula viazi kwa kiasi kile kile, kwa sababu tumbo ni lile lile. Kilichoshuka kwenye bei ni kikubwa kuliko kilichoongezeka kwenye magunia. Nikawaeleza, maneno yakinitoka mbiombio. Kijana wa Bukoba akapiga meza akasema na kwao ndizi hufanya hivyo hivyo. Tukakaa mpaka usiku.

Tangu siku ile tulikutana kila jioni. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: kila mtu aje na jambo ambalo hakulielewa, na asiyekuwa nalo hakuruhusiwa kukaa. Tulijadili kwa Kiswahili mpaka jambo likae sawa, ndipo tuliandika jibu kwa Kiingereza. Darasani niliacha kuandika kila neno. Nilisikiliza, nikaandika maswali. Mwezi wa pili wa hayo nilimfuata mhadhiri baada ya kipindi, moyo ukinidunda, nikamuuliza swali la mstari mmoja. Alinijibu kwa utulivu, kwa Kiswahili, akaniambia angependa kuulizwa mara nyingi zaidi.

Nikampigia mama. Nikamwambia ukweli wote, ile 6, pasi ndefu, hata viatu. Alikaa kimya kidogo, nikasikia kelele za soko nyuma yake. Kisha akasema, "Mimi siku yangu ya kwanza sokoni sikujua kupima debe. Nilijaza pungufu, wateja wakanikimbia. Nikamuuliza mama aliyekaa meza ya jirani. Mpaka leo nakaa naye." Mama huyo namfahamu. Nimemwita shangazi maisha yangu yote, na hatuna naye undugu wowote wa damu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Februari. Swali mojawapo lilitaka tueleze kwa nini mavuno mazuri yanaweza kumpunguzia mkulima kipato. Niliandika kurasa mbili kwa Kiingereza, na kichwani mwangu hapakuwa na neno hata moja la Kiingereza. Palikuwa na lumbesa za mama na chumvi ya dada wa Tanga. Somo lile nilipata B. Sisi sote watano hatukupata sapu.

Likizo fupi ilipofika nilirudi Tukuyu, nikalivaa sweta langu kabla ya kufika Uyole. Mama hakuniuliza juu ya B. Aliniuliza watu wangu wa kimbwetani ni wangapi, wa wapi na wapi, na kama wanapenda parachichi. Siku ya kuondoka, ukungu ukiwa umefunika stendi kama mara ya kwanza, nilimkuta amechutama juu ya kapu. Alikuwa akifunga parachichi moja moja kwa gazeti, yale magumu ambayo yangeivia njiani, huku akihesabu kwa sauti: la Pemba, la Bukoba, la Temeke, la Tanga. Akafunga la tano, akanitazama.

"Na hili lako," akasema. "Ulile palepale, pamoja nao."