Riziki ya Programu Huria Kitale na Bungoma

Ajira ya programu huria Kitale na Bungoma ilianzia kwenye kliniki za UKIMWI. AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana, ulianza mwaka 2001, ukaeneza kliniki zake hadi Kitale, Webuye na Bungoma. Mwanzoni rekodi za wagonjwa zilihifadhiwa katika mfumo mdogo wa Microsoft Access uliobuniwa kwa ajili ya kituo cha afya cha Mosoriot. Wagonjwa walipoongezeka, mfumo huo ukalemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, wakaanza kuunda mwingine, OpenMRS, ambao msimbo wake yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha. Eldoret ilianza kuutumia Februari 2006.

Waliotangulia kula matunda yake hawakuwa waandishi wa programu. Walikuwa makarani. Tabibu alijaza fomu ya karatasi kliniki, fomu zikasafirishwa hadi Eldoret, na huko karani akazichapa moja baada ya nyingine. Baadaye kazi hiyo ilisogea karibu na mgonjwa. Bungoma Mashariki, washauri waliopita nyumba kwa nyumba kupima virusi vya UKIMWI walibeba vikompyuta vya mkononi, kisha mpango huo ukahamia simu za Android zenye Open Data Kit, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Mishahara ilitoka kwa wafadhili, hasa PEPFAR, mpango wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2003.

Kuchangia msimbo wenyewe kulikuwa jambo jingine. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilipitia setilaiti na mteja wa saiba alilipa kwa dakika. Kupakua maktaba za Java, lugha ya msimbo wa OpenMRS, kulimaliza nauli ya kurudi nyumbani. OpenMRS iliingia Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wanafunzi wanaoandika programu huria, mwaka 2007, na mwanafunzi aliyefaulu alipata dola 4,500 kwa likizo moja. Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa kijana wa Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, ila hazikuwa mshahara wa kudumu. Jumuiya ilikuwa na ngazi zake pia, kuanzia /dev/null hadi /dev/5, na kupanda ngazi hakukuongeza senti. Faida yake ilikuwa ya pembeni: kazi ya mchangiaji ilibaki hadharani, mwajiri akaweza kuikagua bila kuomba cheti. Hata kupokea malipo ya ng'ambo kulikuwa na adha yake, hadi PayPal ilipounganishwa na M-Pesa mwaka 2018.

Kilicholisha nyumba nyingi zaidi ni matengenezo. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, ulianza kusambazwa mwaka 2012 na katika miaka michache ukafika zaidi ya vituo 300 nchini. Kila kituo kilihitaji mtu wa kufunga seva, kuwafundisha wauguzi, kuokoa data umeme ulipokatika, na kumwonyesha karani mpya kwa nini ripoti ya mwezi haikulingana na rejista. Hapo ndipo wachangiaji wazuri walipopatikana, kwa maana hitilafu huonekana kwanza na anayeitwa kuitengeneza. Aliyeirekebisha kituoni aliweza kutuma marekebisho kwa jumuiya, na siku hiyo alilipwa kwa safari ya kituoni, si kwa marekebisho. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati mwaka 2015, kilikuwa na shule ya kompyuta palepale Bungoma, lakini nafasi hizi zilikuwa chache kuliko wahitimu.

Mikataba ya kazi hizi ilifuata mwaka wa bajeti wa Marekani, unaoanza Oktoba. Septemba ukawa mwezi wa kuulizana nani amebaki.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya iliyofadhiliwa na USAID ikaamriwa kusitisha kazi. Msimbo ulibaki pale pale, bure kama zamani. Waliofungiwa mlango ni wahudumu wa mfumo. Swali la nani awalipe likaelekea kwa kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zinazosimamia hospitali za Kitale na Bungoma.