Kutoroka na Kutoroshwa

Darasani, mnyambuliko wa vitenzi hufundishwa kana kwamba ni hesabu: twaa mzizi, ongeza kiambishi, upate kauli. Kwangu mimi niliyezaliwa Rabai, hesabu hiyo inagusa asili ya watu wetu.

Tuanze na umbo. Kitenzi toroka kikitiwa usababishi huwa torosha. Sauti k humezwa na sh, kama katika amka na amsha, kumbuka na kumbusha. Tukiongeza kiambishi -w- cha kutendwa, tunapata toroshwa. Mpangilio huu haugeuzwi: usababishi hukaa karibu na mzizi, utendwa hufuata. Hali ni hiyo hata katika Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha: karoti ni hufanya, kāreti ni hufanyiza, na kārīyati ni hufanyizwa.

Maana je? Usababishi huongeza mtu. Katika sentensi "Ali alimtorosha Juma" wamo wawili: aliyekimbia na aliyemfanya akimbie. Utendwa humweka Juma mwanzoni, "Juma alitoroshwa", na huruhusu Ali asitajwe. Hata hivyo, kutotajwa si kutokuwapo, kwani nafasi ya Ali imehifadhiwa ndani ya sh. Miguu iliyokimbia ni ya Juma, lakini uamuzi wa kukimbia amepewa mwingine.

Hapo ndipo historia ya Rabai inapoingia. Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha kituo cha misheni huko mwaka 1846, na sarufi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka 1850. Katika miongo iliyofuata, Rabai ikawa kimbilio la watumwa kutoka mashamba ya pwani. Ilipofika mwaka 1888, wenye mashamba walikuwa wakiwadai watu wao kwa ukali. Dai lao, likiwekwa katika sarufi, lilikuwa hili: watumwa wametoroshwa na wamisionari. Mwanzoni mwa mwaka 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa fidia, na zaidi ya watu elfu moja wa Rabai na vituo jirani wakapewa hati za uhuru. Tangu hapo husemwa kwamba walikombolewa.

Msomaji na atazame kauli hizo mbili. Kwa wenye mashamba, watu hao walitoroshwa. Kwa waliolipa, walikombolewa. Mahasimu hawa wanapatana katika jambo moja: mkimbiaji mwenyewe hakutenda lolote. Lakini huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, watoro waliishi pamoja na Wakristo wa Kigiriama katika makazi yasiyoongozwa na Mzungu. Watu waliosubiri kutoroshwa wasingefika huko.

Marehemu nyanya yangu hakusoma sarufi, lakini kuhusu mhenga wetu aliyekimbia shamba alikuwa na neno moja tu: "Alitoroka." Mgeni akisema kwamba wazee wetu walitoroshwa na wazungu, nyanya alimuuliza kwa upole, "Usiku ule, mwanangu, nani alimshika mkono?"

Sisemi kwamba wamisionari hawakumfaa mtu. Waliwapokea wengi, na kumpokea mtoro kulikuwa na hatari yake. Wala sisemi kwamba hakuna aliyetoroshwa. Watoto waliobebwa mgongoni walitoroshwa, nao waliowatorosha ni mama zao, ambao wenyewe walitoroka.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, tunapoandika kwamba watu fulani walihamishwa, walifundishwa au walistaarabishwa, tusiishie kukipigia kiambishi mstari na kukitaja jina. Tuulize ni nani aliyefichwa katika usababishi ule, na kama kweli alikuwapo. Ikiwa hakuwapo, tumrudishie mtenda kitenzi chake.