Kariakoo, mtaa unaomhukumu kocha kabla kahawa haijapoa

Dar es Salaam. Ukishuka kwenye basi la mwendokasi katika kituo cha Msimbazi Polisi, huna haja ya kuuliza umefika wapi. Jengo la klabu ya Simba liko kando ya barabara hiyohiyo ya Msimbazi, na wauza jezi wameshatundika nyekundu na nyeupe kila palipo na msumari. Shika njia ya kuelekea Jangwani, na kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani rangi zinabadilika: njano na kijani, makao makuu ya Yanga.

Kwa miguu ya mtu mzima ni mwendo wa dakika chache. Ukiwa na mtoto anayetaka kusimama kwenye kila meza ya vitu vya kuchezea, tenga nusu saa.

Katikati ya majengo hayo mawili kuna vijiwe vya kahawa, na kwenye vijiwe hivyo kuna kazi moja isiyo na likizo: kumjadili kocha mpya.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nilianza kwenda huko mwishoni mwa mwaka 2024 kwa ajili ya habari ya shinikizo la damu. Nilikuwa natafuta wanaume waliovuka miaka 40, kundi ambalo wauguzi hulalamika kwamba haliji kupima mpaka lidondoke. Nikaelekezwa: wafuate kwenye kahawa. Nilikwenda kuwauliza presha, wakanijibu kocha.

Vikombe vinne na kashata moja

Kwa asiye mwenyeji, jina Kariakoo linatokana na Kikosi cha Wapagazi cha jeshi la Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kiingereza chake, Carrier Corps, kilipita midomoni mwa watu wa pwani kikatoka Kariakoo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, ingawa jina la Simba lilikuja mwaka 1971. Kabla ya hapo iliitwa Sunderland. Kwa hiyo watani hawa wamezeeka pamoja kwenye mitaa hiihii, na wamekwishajadili makocha wengi kuliko wanavyoweza kuwakumbuka.

Novemba ile mada ilikuwa Miguel Gamondi, raia wa Argentina. Mwaka mmoja kabla, Novemba 5, 2023, aliiongoza Yanga kuifunga Simba mabao 5-1, akamaliza msimu na ubingwa. Lakini mwanzoni mwa Novemba 2024 Yanga ilifungwa 1-0 na Azam, kisha 3-1 na Tabora United, yote ndani ya wiki moja. Kama wanavyosema waandishi wenzangu wa michezo, kibarua kikaota nyasi. Akaja Sead Ramovic kutoka TS Galaxy ya Afrika Kusini, na mechi yake ya kwanza nyumbani katika Ligi ya Mabingwa Afrika akafungwa 2-0 na Al Hilal ya Sudan.

Fundi cherehani mmoja, Yanga tangu utoto, alinipa darasa la mbinu ambalo sikuliomba. Akapanga vikombe vinne vya kahawa mbele yake.

"Mabeki hawa, mwanangu. Kocha anataka wapande wakakabe juu." Akavisogeza vikombe viwili vya pembeni. Nyuma ikabaki kashata peke yake. "Sasa mpira ukipita hapa, nani anaukuta? Kashata?"

Kijana muuza mabegi, Simba wa kuchora, akaichukua ile kashata akaila. "Bao," akasema.

Watu walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini.

Mama mmoja muuza vitenge, naye Yanga, hakucheka. Alisema tatizo halikuwa kupanda. Tatizo ni kwamba wakishapanda hawarudi, na hawarudi kwa sababu hawana pumzi. "Mtu hujamlisha, hujamlaza, unamtaka akimbie," alisema, kwa sauti ya mtu aliyelea.

Pumzi hainunuliwi dirishani

Hapo ndipo kahawa ilipokutana na kazi yangu.

Kukaba juu maana yake ni mchezaji kukimbia kwa kasi, kusimama, na kukimbia tena, mara nyingi ndani ya dakika 90. Uwezo huo hujengwa kwa wiki kadhaa za mazoezi yanayoongezwa polepole, pamoja na chakula na usingizi. Baada ya mechi ngumu mwili huhitaji siku mbili hadi tatu kurudi sawa. Sasa timu inayocheza ligi ya ndani na mashindano ya Afrika kwa wakati mmoja inaweza kucheza kila baada ya siku tatu au nne. Siku inayobaki haitoshi kujenga kitu. Kocha anawapumzisha watu tu ili wasiumie. Ongeza joto na unyevu wa Dar es Salaam wa mwezi wa kumi na mbili.

Kwa hiyo kocha anayekuja katikati ya msimu huhukumiwa kwa mapafu ambayo hakuyafundisha yeye. Mama wa vitenge alilijua hilo bila kusoma popote.

Lakini nani ana muda? Asubuhi redio karibu zote zina kipindi cha michezo. Wasemaji wa klabu, Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga, wanajulikana kuliko wachezaji wengi. Kipande cha video cha kocha akikuna kichwa kwenye benchi kinafika kwenye simu za kijiweni kabla ya filimbi ya mwisho.

"Akikunja uso, redio inasema ana ugomvi na viongozi," alisema mama wa vitenge. "Akicheka, hana uchungu na timu. Sasa huyo mtu auweke wapi uso wake?"

Baadaye upepo uligeuka. Yanga ikaanza kucheza pasi za harakaharaka, ukazaliwa msemo wa "gusa, achia, twende kwao", na watoto wa shule za msingi wakawa wanauimba njiani. Yule fundi aliyempindua kocha kwa vikombe vinne sasa alikuwa anamwita "profesa". Mwanzoni mwa Februari 2025 profesa akaondoka kwenda CR Belouizdad ya Algeria, hata miezi mitatu haijatimia. Akaja Miloud Hamdi. Kijiwe kikaagiza kahawa nyingine.

Nani alikuwa sahihi?

Upande wa Msimbazi, Simba walikuwa na Fadlu Davids wa Afrika Kusini, aliyeajiriwa katikati ya mwaka 2024. Alifungwa na Yanga 1-0 Agosti na tena 1-0 Oktoba. Mtaani wapo waliotaka aondoke. Akabaki, na Mei 2025 Simba ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Ikapoteza 2-0 ugenini na kutoka sare 1-1 Zanzibar.

Kama mimi ndiye ningeandika hadithi hii, subira ingelipwa kikombe. Haikuwa hivyo. Juni 25, 2025 Yanga iliyobadili makocha mara mbili ndani ya msimu ikaifunga Simba 2-0 na kubeba ubingwa wa nne mfululizo.

"Umeona faida ya subira, mtani?" fundi alimuuliza muuza mabegi.

"Wewe umechukua kombe la kwenu nyumbani. Mimi Afrika nzima imenijua."

"Imekujua ukilia."

Wanaweza kuendelea hivyo mpaka adhuhuri, na wote wawili wana hoja. Kubadilisha mtu wakati mwingine kunalipa. Kumvumilia wakati mwingine kunakujengea kitu kikubwa usichopewa medali yake. Na Septemba mwaka huohuo, Fadlu aliyevumiliwa alikwenda zake Raja Casablanca. Subira haina hatimiliki.

Swali la mtoto

Mtoto wa mama wa vitenge, wa darasa la nne, hukaa chini ya meza ya mama yake akifanya kazi za shule. Siku moja akatoa kichwa.

"Kibarua kuota nyasi ndiyo nini?"

Akaelezwa: kocha amefukuzwa kazi.

"Anaenda wapi?"

"Anapata timu nyingine," alijibu muuza mabegi.

"Na watoto wake wanahama shule?"

Kijiwe kizima kikanyamaza. Kisha fundi akasema, taratibu, kwamba yeye alikuwa kiwandani kabla ya cherehani. Barua alipewa Ijumaa. Jumatatu watoto wake walimuuliza mbona baba huendi kazini, akawaambia yuko likizo. Likizo hiyo ilidumu mwaka.

"Wanahama, mjukuu wangu," alimwambia. "Wakati mwingine wanahama."

Nimeisikia mijadala mingi ya michezo, na nadhani hiyo ndiyo siku pekee niliyosikia kocha akizungumzwa kama mtu aliyeajiriwa. Watu wazima tunajua tunatania. Tunapiga kelele "afukuzwe!" kisha tunakwenda kula. Mtoto anayesikiliza hajui mpaka wa utani uko wapi. Anachojifunza ni muda gani mtu mgeni kazini hupewa kabla hajaitwa hafai, na huenda kesho akakitumia kipimo hicho kwa mwalimu mpya, kwa mdogo wake, au kwake mwenyewe akishika nafasi ya 30 darasani.

Utani huu una upande mwingine ambao ningependa watoto waujue. Ramovic alitangazwa Novemba 15, 2024. Kesho yake, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka eneo la mitaa ya Mchikichi na Kongo, mwendo mfupi kutoka vijiwe hivi. Zaidi ya watu 20 walifariki dunia. Wafanyabiashara na wapita njia walianza kufukua kifusi kwa mikono na nyundo. Siku zile hapakuwa na Kolo wala Utopolo. Majina hayo ya kebehi yalirudi baadaye, na yaliporudi watu wengine waliyafurahia, kwa sababu yalionyesha mtaa umeanza kupumua tena.

Presha niliyoifuata

Habari yangu ya presha sikuiacha. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa eneo la Munich wakati wa Kombe la Dunia la 2006. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya mara mbili ukilinganisha na siku za kawaida, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo.

Kwa hiyo, kama nyumbani kuna baba, babu au bibi mwenye presha na timu:

Dawa inywewe kwa saa yake ya kila siku, mechi iwepo isiwepo. Wapo wanaoiruka ili "kichwa kiwe chepesi" wakati wa mpira.

Maumivu ya kubana kifuani, hasa yanayosambaa mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho jingi au kukosa pumzi, si hasira za kufungwa. Usisubiri dakika za nyongeza, mpeleke hospitali.

Ukiona mzazi mwenzio anahangaika na simu zaidi baada ya mechi kuliko wakati wa mechi, uliza kuhusu mkeka. Mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti kisheria, na hastahili kutumwa kwenda kuuchukua mkeka wa baba.

Ukimpeleka mtoto

Nenda asubuhi, kabla jua halijakaza na msongamano haujawa wa kubebana. Beba maji. Mshike mkono, na mwandikie namba yako ya simu kwenye karatasi mfukoni. Anzia Msimbazi umalizie Jangwani, au kinyume chake kama ndiyo imani ya nyumba yako, lakini majengo yote mawili ayaone. Mwambie mwaka 1935 na 1936. Mwonyeshe kwamba kwa watani ni jirani.

Kisha mketi kwenye kahawa. Mnunulie kashata. Wazee wakianza kumhukumu kocha aliyekuja wiki tatu zilizopita, mwulize mwanao yeye angempa muda gani, na kwa nini. Msikilize mpaka amalize kabla hujamwambia timu yako ni ipi.