Mafia hii haina bastola, ina popo, potwe na mji uliokufa

MWAMBIE mtoto wa mjini kwamba wikiendi ijayo unakwenda Mafia, uone atakavyokodoa macho. Kichwani kwake zinamjia suti nyeusi, miwani na bastola. Sinema zimetuharibu, bwana! Mafia ninayoisema mimi haina undugu na majambazi wa Sicily. Ni wilaya yetu wenyewe, mkoa wa Pwani, iko baharini mkabala na delta ya mto Rufiji. Jina lake wapo wanaosema limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya visiwa vingi, na wapo wanaong'ang'ania kuwa ni kifupi cha "mahali pa afya". Chagua linalokupendeza.

Kinachonishangaza ni hiki: Mzungu anatoka kwao huko kwenye baridi, anakesha kwenye ndege, anatua Dar na kuunganisha moja kwa moja hadi Kilindoni kwenda kuogelea na samaki mkubwa kuliko wote duniani. Mtoto wa Mbagala, ambaye mabasi ya kusini yanapita mbele ya mlango wao, hajawahi kukanyaga huko. Kwetu sisi mapumziko ni Coco Beach, mihogo na mishikaki, jua likizama tunarudi na mchanga kwenye viatu. Si vibaya, lakini jamani, kuna dunia nyingine pale karibu!

Jinsi ya kufika

Kama una mshiko, panda ndege ndogo pale Dar. Nusu saa tu, kabla hujamaliza kusali, umeshatua Kilindoni, makao makuu ya wilaya.

Kama mifuko imetoboka kama ya kwangu, njia ni moja: unaondoka Mbagala Rangi Tatu kwa basi, unafuata barabara ya Kilwa hadi Bungu, unachepuka kwenda Nyamisati, kisha unaingia kwenye chombo. Hapo Nyamisati saa ya mkononi haina kauli. Mwenye kauli ni maji kujaa na kupwa. Kwa hiyo amka alfajiri na uwe na subira. Kingine, ukiona boti imejaza kupita kiasi, au huna boya la kuvaa, usione haya kushuka. Bahari haina mtoto wa mjini, na kusi likivuma hata nahodha anakunja uso.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kama kilomita 15. Njiani utafika kwenye lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, hapo unalipa kiingilio. Mwenyeji wa nchi analipa kidogo kuliko mgeni. Tunza stakabadhi yako, usije ukalipa mara mbili.

Kwanini umlipe mtu akuoneshe nchi yako?

Swali hili niliulizwa na mshikaji mmoja kabla sijaondoka. Eti kwanini nimlipe kijana wa kisiwani, wakati Kiswahili ninakijua na miguu ninayo?

Jibu nililipata Chole. Ukishuka pale bila mwongozaji unaona kuta zilizobomoka, miembe na watu wanaogonga mbao ufukweni. Unapiga picha tatu, unachoka, unaulizia soda. Ukiwa na mwenyeji, zile kuta zinaanza kusema.

Atakwambia kwamba katika karne ya 19 kisiwa hicho kidogo ndicho kilichokuwa mji mkuu wa Mafia. Waliishi hapo mabwana wa Kiarabu waliokuwa na mashamba ya minazi kisiwa kikubwa, ng'ambo. Waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa. Mwaka 1890 Wajerumani wakachukua nchi, Sultani wa Zanzibar akalipwa fedha, na Chole ikawa na boma na jela. Mwaka 1913 wakahamishia makao yao Kilindoni, Chole ikaanza kusinzia. Jela ipo mpaka leo, ila mfungwa wake ni ukuta wenyewe: mizizi ya miti imeukumbatia hadi hujui nani amemshika mwenzake.

Wajerumani wenyewe hawakukaa sana Kilindoni. Januari 1915 Waingereza walivamia Mafia, wakaifanya kituo cha kuisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Ndege zilirushwa kutoka Mafia kwenda kuipeleleza kule mikokoni, na Julai mwaka huo huo ikawa kwisha kazi yake. Vita vya Wazungu, uwanja wetu!

Mwongozaji wetu, kijana wa pale pale, alikuwa akisimulia huku anacheka mwenyewe. Nikamwuliza kulikoni. "Kaka, mambo haya nimeyazoea kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nasimulia mara chache. Wabongo wenzetu mnakuja kikazi, au mnakuja msibani." Tulicheka sote, lakini kicheko changu kilikuwa kifupi.

Popo wasio na ubaya

Ukiwa Chole inua macho. Kwenye miti mikubwa wananing'inia popo wakubwa wala matunda, wenye sura ya mbweha mdogo, jamaa zao wako visiwa vya Komoro. Msiogope, huyu si yule popobawa aliyewatoa watu usingizi Pemba na Unguja mwaka 1995. Huyu anakula maembe na matunda mengine, na kwa kula kwake anasambaza mbegu za miti. Mchana analala na kugombana na wenzake. Jua likizama wanaondoka makundi kwa makundi, wanavuka bahari kwenda kisiwa kikubwa kutafuta riziki. Kaa kimya utazame. Wenyeji hawapendi mtu awarushie mawe au apige makelele chini ya miti, na wana haki.

Kua, mji uliokufa

Kutoka Chole unavuka kwenda Juani, maji yakiwa yamejaa. Huko ndiko kuna Kua, na hapa ndipo nywele zilinisimama.

Kua ulikuwa mji hasa: nyumba za mawe na chokaa, misikiti, makaburi, na jengo kubwa linaloitwa kasri. Leo mibuyu na vichaka vimeingia sebuleni. Masimulizi yanasema watu wa Kua walikuwa na uhasama na watu wa Kisimani, mji mwingine ulioko upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, ambao sehemu yake kubwa bahari imekwisha kuimeza. Eti watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika wa Kua kwenye sherehe. Siku ya kulishusha majini wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, wakaliburuta jahazi juu ya miili yao.

Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka, mpaka wenzao wakadhani yamesahauliwa, kisha wakawaalika harusini. Wageni waliketishwa katika chumba kilichojengwa chini ya nyumba. Wenyeji wakaondoka mmoja mmoja, huyu kuangalia wali, yule kuangalia mchuzi, akabaki mzee mmoja akiwapigia soga. Mzee alijua kuzungumza! Hakuna aliyesikia mlango ukijengwa kwa mawe. Wakafia humo, mzee wa watu pamoja nao.

Hiyo ni hadithi. Kinachojulikana zaidi ni kwamba miaka ya 1820 Wasakalava walikuja na mitumbwi kutoka Madagascar, wakauvamia mji, wakaua na kubeba watu utumwani. Kua haikusimama tena.

Ndani ya magofu utaona sarafu, chupa na vyungu vilivyowekwa na watu waliokuja kuomba kwa mizimu. Usiguse. Vigae vya sahani za kale vilivyotapakaa chini usitie mfukoni eti kumbukumbu. Kila mvua inaondoka na chokaa yake, na kila mgeni akiondoka na kigae chake, mwanao ataoneshwa nini?

Kasa na potwe

Juani upande wa bahari kuu ndiko kasa wanakopanda kutaga. Zamani mayai yalikuwa kitoweo, na nyama pia. Siku hizi wapo wanakijiji wanaolinda viota, na wageni hulipa kuja kutazama watoto wa kasa wakitoka mchangani na kukimbilia maji, hasa kati ya Juni na Septemba. Sehemu ya fedha hiyo inabaki kijijini. Kitu kidogo kama kiganja kinakimbia bila mama wala baba, kaa na ndege wanakisubiri. Ukiona hivyo utaacha kulalamikia maisha ya Dar.

Potwe ni habari nyingine. Huyu ndiye papa mkubwa mwenye madoa, samaki mkubwa kupita wote, lakini chakula chake ni vidudu vidogo vya baharini na dagaa. Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi, karibu na Kilindoni kwenyewe. Wengi wanaoonekana ni madume ambayo bado yanakua, mita 6 au 7 hivi. Watafiti wanamtambua kila mmoja kwa mpangilio wa madoa yake, kama sisi na alama za vidole. Sheria: usimguse, usimpande mgongoni, usimzibie njia, kaa mbali na mkia. Nahodha akimkimbiza kwa mashine, mwambie apunguze. Wewe ndiye mlipaji.

Na mvuvi je?

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya bahari Tanzania, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ndani yake kuna vijiji, kuna watu wanaokula kwa bahari. Baruti zilikuwa zikivunja matumbawe, lazima zizuiwe, hilo halina ubishi. Lakini zilipopigwa marufuku pia aina fulani za nyavu, na maeneo mengine yakafungwa kabisa, wapo wavuvi waliouliza: sisi tunaacha samaki ili nani ale? Jibondo, kisiwa cha mafundi wa majahazi kisicho na maji baridi ya kutosha, mvutano ulikuwa mkubwa. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi matumbawe mengi yalikufa, na hilo halikuwa kosa la mvuvi yeyote.

Kwa hiyo shilingi yako huko ina maana. Mchukue mwongozaji wa kijiji unachotembelea. Patana bei kabla ya kupanda mashua, uliza imebeba nini: chombo, chakula, ushuru wa kijiji? Kula kwa mama ntilie wa pale, pweza wao si mchezo. Mvuvi aliyeacha wavu akiona mwanawe anapata ugali kwa kuonesha popo na potwe, ataielewa hifadhi kuliko kwa semina kumi.

Mwisho, adabu. Wengi huko ni Waislamu na ni watu wa staha. Chupi ya kuogelea iishie majini, kijijini vaa khanga au suruali. Wazee wape shikamoo yao, na picha ya mtu omba kwanza. Beba tochi, dawa ya mbu, kofia na fedha taslimu za kutosha.

Haya, mimi nimemaliza. Coco Beach ipo, haihami. Hesabu nauli, mwambie na mwenzako, kisha ulizeni maji ya Nyamisati yanajaa saa ngapi.