Kamera ya Mkobani: Safari ya Mzumbe Hadi Mgeta

Akina mama wenzetu, katika nyumba nyingi mama ndiye mtunza kumbukumbu. Yeye ndiye anayejua tarehe ya ubatizo wa kila mtoto, ndiye anayeficha vyeti kwenye sanduku chini ya kitanda, na msiba unapotokea ndiye anayeulizwa picha ya marehemu iko wapi. Mara ngapi tumeona juu ya jeneza picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho, uso umekakamaa na rangi si yake? Simu tunazo, na zinapiga picha nzuri, lakini picha nyingi hufa pamoja na simu yenyewe.

Kwa sababu hiyo kikundi chetu cha akina mama sita hapa mjini Morogoro kilikubaliana kuweka akiba ya kununua kamera moja ndogo, ambayo ingezunguka nyumba kwa nyumba. Tulitaka wazee wetu wapigwe picha wangali hai. Kabla ya kutoa fedha, tuliazima kamera tatu kwa ndugu na marafiki, tukafunga safari ya siku mbili: kwanza Mzumbe, kisha Mgeta, milimani. Dukani kila kamera hung'aa. Sisi tulitaka kuziona njiani, zikiwa kazini.

Kamera tatu, mkoba mmoja

Kamera ya kwanza ilikuwa kubwa, ya mtindo wa zamani wenye kioo ndani. Kioo hicho hupeleka taswira kwenye jicho la mpiga picha, na ukibonyeza kitufe huinuka ili mwanga upite. Mbili nyingine hazikuwa na kioo. Katika kamera za namna hii mwanga hutoka kwenye lenzi na kuangukia moja kwa moja kwenye kipokea mwanga, na wewe unaiona picha kwenye skrini au kwenye tundu la kuchungulia kabla hujaipiga. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya kwanza ya mfumo wa Micro Four Thirds, na tangu hapo watengenezaji wengine wameifuata njia hiyo. Kioo kikiondolewa, kamera hupungua unene na uzito.

Uzito si jambo dogo kwa mama. Barabara ya Iringa inapotoka Morogoro hupita karibu na Bwawa la Mindu hadi Sangasanga, ambapo unakata kushoto kuelekea Mzumbe. Mwendo wote ni kilomita 20 na ushei. Ndani ya daladala tulikuwa na mtoto wa mwenzetu mmoja, kikapu cha chakula na kanga za akiba. Kamera kubwa na lenzi yake ilihitaji begi la peke yake, na begi hilo lilihitaji paja la mtu. Zile ndogo zilikaa mkobani, kati ya pochi na leso.

Kwa mfano, Sony a6000 ya mwaka 2014, Olympus E-M10 Mark IV ya mwaka 2020 na Canon EOS R50 ya mwaka 2023 kila moja ina uzito usiofika gramu 400 pamoja na betri, bila kuhesabu lenzi. Kamera inayobaki kabatini kwa sababu ni nzito haitampiga mtoto picha siku anapoota jino.

Mzumbe na nyuso zetu

Wengi huijua Mzumbe kwa sababu ya shule na chuo. Mwaka 1953 palianzishwa hapa shule ya watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho watu waliozoea bado wanakiita IDM, na mwaka 2001 pakawa Chuo Kikuu Mzumbe. Watumishi wengi wa serikali walisoma chini ya milima hii, na albamu nyingi za Tanzania zina picha ya mahafali iliyopigwa hapa.

Mpiga picha akifika Mzumbe lazima aijue milima. Uluguru iko upande wa mashariki. Asubuhi jua hutokea nyuma yake, kwa hiyo milima huonekana kama kivuli cheusi chenye ukungu. Jioni jua linaipiga kwa mbele, na makorongo, mashamba na msitu wa juu huonekana wazi. Mtu anayetaka picha ya milima angoje saa kumi jioni.

Hapo tulimpiga picha shangazi ya mwenzetu, amesimama uani, nyuma yake anga jeupe la mchana. Kamera zote tatu zilitoa anga zuri na uso mweusi usio na macho. Sababu ni hii: kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Anga likiwa na mwanga mwingi, kamera hupunguza mwanga wa picha nzima, na uso wa mtu mweusi ndio unaoumia. Jambo hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilipelekea maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Rangi ikionekana sawa kwake, ilihesabiwa sawa kwa wote.

Dawa yake ni rahisi. Kamera nyingi zina gurudumu au kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukiongeza hadi +1, uso unarudi. Hapa ndipo kamera zisizo na kioo zilipotupendeza, kwa kuwa uliongeza mwanga huku unamwona shangazi kwenye skrini, mikunjo ya kicheko chake na hereni zake, kabla ya kubonyeza. Kwa hiyo mama unayenunua, uliza dukani: kitufe cha kuongeza mwanga kiko wapi, na kidole gumba kinakifikia? Jaribu kwa kumpiga picha mwenzako amesimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake.

Njia ya kupanda Mgeta

Kesho yake tulipanda gari la Mgeta. Barabara hupita Mlali, kisha huanza kupinda na kupanda. Kiangazi vumbi lake jekundu huingia hata kwenye mfuko uliofungwa. Kamera ya lenzi za kubadilisha usiifungue njiani. Ikibidi, igeuze mdomo chini, geuza mgongo kwenye upepo, badilisha upesi. Sisi tuliamua kila kamera ipande na lenzi moja.

Kadiri tulivyopanda, baridi iliongezeka. Vilele vya Uluguru hufika zaidi ya mita 2,600, na maji yake hulisha mto Ruvu, ambao wakazi wa Dar es Salaam huutegemea kwa maji ya kunywa. Mgeta ni nchi ya kabichi, karoti, njegere na viazi, mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi kwenye miteremko ambayo sisi wa mjini tuliiogopa hata kwa macho. Ukungu wa huku ni adui wa lenzi. Ukishuka kutoka kwenye baridi hadi joto la Morogoro, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo umande utatanda ndani ya vioo. Nyumbani itunze mahali pakavu, pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Lenzi ikiota kuvu, kuisafisha ni gharama.

Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi ardhi ilipitia upande huo. Kwa hiyo bibi wa nyumba si mzee tu wa kuamkiwa, ni mzizi wa familia. Mama mzazi wa mwenzetu tulimkuta jikoni, ameketi karibu na mafiga, mwanga ukiingia kwa mlango mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni moto."

Lenzi zinazouzwa pamoja na kamera nyingi hufunguka mwisho f/3.5. Jikoni mle zilitoa picha zenye chenga na mikono iliyotikisika. Kamera moja ndogo ilikuwa na lenzi isiyovuta, ya f/1.8. Lenzi ya namna hiyo huingiza mwanga zaidi ya mara tatu kuliko ile ya f/3.5, na ndiyo iliyompata bibi bila kuwasha taa ya kumulika machoni. Alitutazama tukipiga, akanyamaza. Kisha akauliza:

"Haya, mnanipiga. Mnanipeleka wapi?"

Mwanawe alisema, "Hatukupeleki popote, mama. Picha itarudi hapa."

"Wageni wamekuja hapa na mashine zao tangu wewe ni mtoto. Mimi sijawahi kujiona."

Palikuwa kimya. Swali lile lilitupa sharti ambalo hakuna muuzaji aliyetutajia.

Tulichonunua, na utaratibu wetu

Kamera kubwa tuliirudisha kwa shukrani. Kati ya zile mbili ndogo, moja ilikuwa na kipokea mwanga cha milimita 23.5 kwa 15.6, nyingine cha milimita 17.3 kwa 13. Kikubwa husaidia gizani, lakini kile kidogo kilikuja na lenzi ndogo na nyepesi. Tulinunua ya kama hiyo ndogo, iliyokwisha kutumika, na fedha zilizobaki tukanunua lenzi ya f/1.8. Bodi ya bei kubwa yenye lenzi hafifu ni sawa na sufuria mpya isiyo na unga.

Anayenunua kamera iliyotumika amulike lenzi kwa tochi kutafuta kuvu, apige ukuta mweupe kutafuta madoa, na aangalie betri isiwe imevimba. Kamera hizi hula betri. Wengi wa watengenezaji huandika picha 300 hadi 400 kwa chaji moja, hivyo betri ya pili ni lazima. Ni vema ichajiwe kwa waya wa USB, ili hata sola ya kijijini ifae. Skrini inayoinuka ni faida nyingine, maana mama anaweza kuweka kamera mezani, akatega saa, akaingia naye pichani.

Tukumbushane pia adabu. Omba ruhusa kabla ya kupiga. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha. Ukitaka kuingia msitu wa hifadhi, pata kibali kwanza.

Picha za bibi tulizisafisha studio mjini, tukazifunga kwenye bahasha ngumu, tukampa dereva wa lori linaloteremsha kabichi. Zilipanda nalo liliporudi tupu. Tumeambiwa moja imebandikwa jikoni na nyingine ameifunga kwenye kanga pamoja na fedha zake.

Sasa kamera iko nyumba ya tatu. Kila mama hukaa nayo mwezi mmoja, na haimpitii mwenzake mpaka asafishe picha kumi za karatasi. Mbili kati ya hizo lazima arudishiwe mtu aliyepigwa, na moja lazima iwe na sura ya mama mwenyewe.